Waya wa Kahawia

2 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Huku hatujambo, mgongo wangu tu ndio umeamua kuzeeka kabla yangu. Nakuandikia kwa sababu jambo hili silisemi kwenye simu. Mjomba wako anakula mchana hapa kwangu kila siku na anakaa pale pale karibu na simu. Ya simu hayasikii, lakini ya kusengenywa anayasikia yote. Na wewe nikikupigia unapokea ukiwa na pini za kushonea mdomoni, sikuelewi.

Jambo lenyewe ni yeye. Mwezi uliopita alifunga nyaya za lori la mchanga la jirani. Siku ya tatu likatoa moshi barabarani, nyaya zimeyeyuka na kushikana. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Mwenye lori ni mtu muungwana, hakupiga kelele. Alikuja tu akaniambia, dada, mzee wako amechoka, msimwache na umeme. Wala si hilo peke yake. Kabla ya lori kulikuwa na teksi, na kabla ya teksi basi la shule. Yote haya tangu afiwe na mkewe, mwaka na nusu sasa. Wifi yangu unamkumbuka, alikuwa anashinda pale karakana toka asubuhi hadi jioni anafuma, hata ufagio hashiki. Mimi nilidhani asipokuwepo ndugu yangu atafanya kazi kwa nafasi. Kumbe akili nayo imefungasha ikamfuata.

Familia tumepanga kikao tarehe 27 Aprili. Nia ni kufunga karakana na kumhamishia chumba cha nyuma hapa kwangu, apumzike. Ila sitaki kumfungia ndugu yangu mlango wa maisha yake kwa maneno ya watu. Mimi magari siyajui, nikimuuliza ananijibu mzaha. Wewe anakuheshimu. Si ulisema pikapu ya marehemu baba yako haichaji? Mwandikie akuelekeze namna ya kuitengeneza. Usimwambie kwamba nimekutuma. Soma majibu yake taratibu, uone kama kichwa bado kimekaa sawa, halafu niambie ukweli. Neno lako ndilo nitakalolibeba kikaoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mama yako


8 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini hujambo, na masikio pia hayajambo. Nimekupigia mara mbili, na mara zote mbili umenijibu "hapana, tumeshanunua" ukakata. Basi tuandikiane kama watu wa zamani.

Ni Bikizee, ile pikapu ya baba. Tangu ulipombadilishia zile nyaya zilizoliwa na panya, mwanzoni mwa Februari, alikwenda vizuri kama wiki mbili. Halafu taa nyekundu ya chaji ikaanza kunikonyeza. Sasa haikonyezi tena, inawaka tu moja kwa moja, na asubuhi betri imelala fofofo. Nimeshaipeleka kuchajiwa mara tatu. Jumanne nilikuwa nimebeba sare themanini za shule, akazimika mbele ya geti. Walimu wakatoka kusukuma, mwalimu mkuu akiwa mbele na tai yake.

Kuna fundi umeme hapa mtaani anasema dinamo ya kuchajia betri ni mambo ya kale, tuitupe, anifungie altaneta ya gari jipya. Nimemwambia nitamuuliza mjomba kwanza. Akacheka.

Nina mita ndogo ya kuazima, spana za baba na mikono miwili. Nielekeze kama mtu asiyejua kitu ila haogopi grisi.

Mpwa wako,
fundi wa nyuzi


14 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Huyo aliyecheka muulize kama amewahi kufungua dinamo au ameona picha tu. Altaneta nzuri, sikatai, lakini ukianza kumwekea Bikizee viungo vya wajukuu zake, kesho utabadili hiki, keshokutwa kile, mwisho utabaki na usukani wa baba yako tu. Dinamo haitupwi. Inaulizwa maswali.

Swali la kwanza ni mkanda. Bonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukizama zaidi ya nusu inchi, umelegea. Ukiwa unang'aa kama kiatu cha bwana harusi, umechakaa na unateleza, ubadilishe.

La pili, vichwa vya betri. Visugue kwa brashi ya waya mpaka ving'ae. Halafu ufuate ule waya wa bodi mpaka unapoishia kwenye chesisi, ondoa kutu hapo. Nusu ya magari yaliyoletwa kwangu yakiwa "yamekufa" yalikuwa machafu tu, kama watoto.

La tatu, dinamo yenyewe. Nyuma yake kuna vichwa viwili, kikubwa na kidogo. Vua nyaya zote mbili. Zile washa, visahani vya bati chini ya nati, nilizikata kwenye kopo la rangi, usizitupe ukidhani ni takataka. Unganisha vile vichwa viwili kwa kipande kifupi cha waya. Mguu mmoja wa mita weka hapo, mwingine kwenye chuma kitupu cha bodi. Washa enjini, ongeza mafuta kidogo kidogo. Mshale ukipanda taratibu mpaka volti kumi na nne, kumi na tano, dinamo ni mzima, zima hapo hapo. Usimkanyagie, maana kwa wakati huo hana wa kumzuia.

Dinamo akiwa mzima, tunakwenda kwenye reguleta. Ni lile boksi jeusi ukutani mwa enjini, kazi yake kupima chaji kiasi gani iende betrini. Kifuniko kina skrubu mbili, ya kushoto imeliwa kichwa, tumia koleo. Ndani utaona herufi zimegongwa. Waya wa kahawia unatoka kichwa kikubwa cha dinamo unakwenda D. Waya wa kijani unatoka kichwa kidogo unakwenda F. Angalia kama kuna uliolegea. Nilizifunga mwenyewe, najua zilivyo.

Mama yako ananilisha vizuri lakini siku hizi ananitazama kama daktari. Sijui nini kimempata.

Mjomba wako,
fundi wa nyaya


20 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nimefanya yote, na kucha zangu hazitanisamehe. Wateja wananiuliza kama nimehamia makaburini.

Mkanda umekaza. Vichwa vya betri vilikuwa na unga mweupe, nimevisugua, pale kwenye chesisi pia. Washa za kopo la rangi nimeziona, moja bado ina herufi za tangazo. Mita ilipanda hadi kumi na tano bila kusitasita, nikazima mara moja kama ulivyoagiza. Kwa hiyo dinamo ni mzima, na fundi wa mtaani nimemwambia. Leo hajacheka.

Sasa nimekwama kwenye nyaya. Kwenye kichwa kikubwa hakuna waya wa kahawia. Pana wa kijani. Kahawia iko kwenye kichwa kidogo. Halafu kwenye reguleta, kahawia iko D na kijani iko F, hapo ni kama ulivyosema. Nyaya zote mbili ni nzima, zimekaza, unene mmoja. Lakini ukifungua kifuniko unasikia harufu ya kuungua, na zile ncha ndogo zinazogusana ndani zimekuwa nyeusi na zina vishimo.

Nisaidie nielewe. Ulimaanisha nini?

Mpwa wako


26 Machi

Mpwa wangu,

Umesimama upande gani wa gari? Ukisimama upande wa dereva unageuza mambo. Kahawia iko kwenye kichwa kikubwa. Mimi nimeifunga, mimi najua. Mwenye macho haambiwi tazama.

Tena hao wauza nyaya siku hizi wanauza takataka, rangi inapauka kwa joto la enjini, kahawia inaweza kuonekana kijani. Usigeuze kitu. Usikate kitu. Ng'oa kichwa kimoja cha betri na usiendeshe gari mpaka nije mwenyewe. Nasema usiendeshe, hata kama walimu wote wa nchi wanasubiri sare. Nitapanda basi baada ya Pasaka, nitamaliza kazi saa moja, tutakunywa chai.

Na wala usimuulize huyo fundi wa mtaani. Wala mama yako usimwambie habari za harufu ya kuungua.

Mjomba


1 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimekaa na barua hii siku tatu kabla ya kuiandika, kwa hiyo usifikiri nimekurupuka.

Mjomba amenielekeza vizuri mwanzoni. Halafu tulipofika kwenye nyaya alizozifunga mwenyewe miezi miwili tu iliyopita, akaniambia kilichopo hakipo. Nilipomwonyesha kosa akakasirika, akasema nimesimama upande mbaya wa gari, akasema kahawia imegeuka kijani kwa joto. Mama, mimi nashona tangu nina miaka kumi na minne. Kama kuna kitu nakijua duniani ni rangi. Kahawia haigeuki kijani, hata uichemshe. Na hizo nyaya zilikuwa zinaunguza gari langu taratibu kama lile lori.

Naogopa ni kweli wanachosema. Sipendi kuliandika. Kikaoni sema unavyoona inafaa, ila mzungumze naye kwa heshima. Huyu ndiye aliyenifundisha kuendesha baba alipofariki.

Binti yako


5 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Naandika barua hii nikiwa na aibu, na mbele utajua kwa nini.

Nilipofunga ile barua yako ya mwisho nilidhani akili yako imechoka. Jana nikafungua boneti tena, si kutengeneza, nilikuwa nafunika tu reguleta. Skrubu ya kushoto imeliwa kichwa, kama ulivyoandika. Washa zimekatwa kwenye kopo. Vichwa viwili, herufi, mpangilio wote, umekumbuka kila kitu mpaka uchafu. Mtu aliyepotewa na kumbukumbu hakumbuki skrubu iliyoliwa kichwa. Kimoja tu ndicho kilichokosewa, nacho ni rangi.

Nikakumbuka Februari, siku nimekuja kuchukua gari, uliniambia gauni langu la kahawia limenikaa. Lilikuwa la kijani, Mjomba. Nilicheka nikadhani unanitania.

Nimekushonea nyuzi sita kwenye kadi, kila moja na namba yake pembeni. Niandikie jina la rangi ya kila uzi. Usimuulize Mama, usimuulize jirani, itazame mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe bado nakuhitaji.

Mpwa wako anayekupenda


11 Aprili

Mpwa wangu,

Kadi yako nimekaa nayo asubuhi nzima nje ya karakana, kwenye jua, halafu ndani, halafu kwenye jua tena. Namba mbili ni bluu. Namba tano ni njano. Hizo nyingine nne ningeweza kukudanganya, nimezoea, ningeotea na pengine ningepata mbili. Lakini umeniuliza kama mtu mzima anavyomuuliza mtu mzima. Sizijui. Kwangu nyekundu, kijani na kahawia ni watoto wa baba mmoja, nikiwaita mmoja wanaitika wote.

Nilizaliwa hivyo. Nilijifunza ufundi kwa kukariri, waya wa tatu kutoka juu, mnene, mwembamba, wa kushoto. Nikabahatika bosi wangu wa kwanza alikuwa mlevi, hakutazama. Halafu nikaoa. Wiki ya pili ya ndoa nikaleta nyanya nyumbani, nimezichagua mwenyewe moja moja, nikajisifu jinsi zilivyoiva. Mke wangu akazitazama, akanitazama, akacheka mpaka akakaa chini. Zote zilikuwa za kijani. Alipomaliza kucheka akauliza, na nyaya je? Kesho yake akaja karakana na kiti na mfuko wa sufi.

Hivi ndivyo tulivyofanya kazi miaka thelathini na sita. Nikishika waya naunyanyua kidogo, kama mtu anayeupiga vumbi. Yeye anagonga sindano ya kufumia kwenye mguu wa kiti. Mara moja nyekundu, mara mbili kijani, mara tatu kahawia. Wateja walidhani anahesabu mishono. Watu walimwita mvivu, mama yako akiwa wa kwanza, naye akaniambia waache waseme, mvivu hafukuzwi kwenye kiti chake. Fulana alizofuma alizigawa kwa watoto wote wa mtaa, wewe pia ulikuwa na moja.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu kwa sababu nilikuwa na mtu wa kunishika mkono. Alipofariki nikajiambia nitatumia kumbukumbu, na kwenye nyaya za zamani inatosha. Nyaya mpya ndizo zinaniumbua. Bikizee nilimfunga peke yangu. Huku kwenye dinamo nilishika moja nikadhani ni kahawia, kule kwenye reguleta nikashika nyingine nikadhani ndiyo ile ile. Barua yako ya tarehe 20 nilipoisoma nilijua pale pale, kabla ya kufika chini. Na nikajua lori la mchanga nililiunguza mimi. Nikakuandikia upuuzi kwa hofu. Nisamehe.

Tengeneza hivi. Vua betri kwanza. Kwenye reguleta badilisha nafasi, kijani ihamie D na kahawia ihamie F. Zile ncha zilizoungua zipitishie msasa laini mara mbili, si zaidi, futa kwa kitambaa kikavu. Zimeungua kwa sababu chaji yote ya gari ilikuwa inapita hapo pasipo pake. Funga, rudisha betri, washa. Ukiongeza mafuta kidogo taa itazima.

Sasa ombi langu. Haya yabaki kwako. Nimeshajua kuna kikao, mama yako hajui kuficha, ananiongezea nyama na chumba cha nyuma ameshakifagia. Waache waseme nimechanganyikiwa. Mzee aliyechanganyikiwa huhurumiwa. Fundi umeme asiyejua rangi huchekwa, na kazi yangu yote watasema ilikuwa ya kubahatisha. Nitahamia hicho chumba cha nyuma. Nimechoka kuotea, mpwa wangu, na karakana bila ile sindano ni kimya mno.

Mjomba wako


16 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nimebadilisha nyaya, nimepitisha msasa mara mbili, nimewasha. Taa imezima. Nimezunguka mtaa mzima ikiwa imezima, mita kwenye betri inasoma kumi na nne, na fundi wa mtaani amekuja kutazama mikono nyuma kama mkaguzi. Amesema dinamo hiyo itamzika yeye.

Sasa na mimi niungame. Barua yangu ya kwanza Mama ndiye aliyeniomba niandike, ili nikupime. Gari lilikuwa bovu kweli, lakini macho yangu yalikuwa mawili, moja kwenye gari na moja kwako. Na tarehe moja mwezi huu nilimwandikia kwamba naogopa akili yako imekwenda. Neno hilo ndilo atakalolibeba kikaoni. Nikilirudisha inabidi niseme kwa nini, na wewe umenifunga mdomo. Sitaivunja siri yako. Lakini ujue unachokiacha. Hawatakufungia karakana peke yake, watakufungia kwa uongo niliouandika mimi, na mimi nitaishi nao.

Unasema watasema kazi yako ilikuwa ya kubahatisha. Miaka thelathini na sita gari halikuungua. Hilo si kubahatisha. Hilo ni watu wawili waliokuwa wanafanya kazi moja, na mmoja ameitwa mvivu mpaka kaburini.

Ndani ya kifurushi hiki kuna vitambaa vidogo mia mbili. Ni vile vile ninavyoshona kwenye sare ili watoto wasiibiane. Badala ya majina nimeshona BETRI, TAA, DINAMO KUBWA, DINAMO NDOGO, HONI, na vingine vina namba tupu. Kabla hujavua waya wa zamani, ufunge kitambaa kila mwisho. Waya mpya ukiukata tu kwenye bunda, kabla haujagusana na mwenzake, funga kitambaa kile kile ncha zote mbili. Maandishi unayasoma, rangi haina haja ya kuulizwa. Nimejaribu kwa Bikizee, vinastahimili mafuta.

Kikao ni Jumamosi ya wiki ijayo. Sikusemei. Fanya utakavyo, nitakupenda vile vile.

Mpwa wako,
fundi wa nyuzi


29 Aprili

Mwanangu,

Kikao kimefanyika. Ngoja nikueleze kwa mpangilio.

Tulikuwa watu tisa sebuleni, na mwenye lori tulimwita. Barua yako nilikuwa nayo kwenye pochi. Kaka yetu mkubwa hajafungua kikao, mjomba wako akasimama, amevaa lile koti la msiba, akasema ana neno. Akasema, mimi sijawahi kuona kahawia tangu nizaliwe. Watu wakatazamana, nami nikajua basi, ndiyo hiyo akili imekwisha, nikashika pochi yangu tayari. Akaendelea kusimulia. Nyanya, kiti, sindano ya kufumia, mara moja, mara mbili, mara tatu. Aligonga na kidole mezani kutuonyesha. Binamu yako mmoja akacheka, hakuna aliyemfuata.

Halafu akamgeukia mwenye lori, akamwambia lori lako nililiunguza mimi, si uzee, ni mke wangu alikuwa hayupo na sikutaka kukwambia. Akatoa vitambaa vyako akavipanga mezani, akaeleza. Mwenye lori akakichukua kimoja akakisoma, akakigeuza, akakivuta kuona kama kinakatika. Akasema Jumatatu ataleta lori lake jingine, ila kitambaa akifunge mbele yake. Ikawa kikao kimeisha. Karakana haifungwi. Barua yako sikuitoa, nimeichoma jikoni.

Sasa kinachoniuma. Miaka thelathini na sita nilimwita wifi yangu mvivu. Nilimwambia usoni, kwenye harusi ya dada yako, mbele ya watu, kwamba yeye kazi yake ni kukalia kiti. Akanitazama akatabasamu, akasema kweli wifi, kiti nimekizoea. Angeweza kunijibu na hakunijibu, alikuwa anamlinda ndugu yangu dhidi ya mdomo wangu. Na nilipomzika nililia machozi ya heshima tu, si ya uchungu. Ya uchungu nimeyalia juzi.

Mjomba wako anataka kibao kipya mlangoni. Kiandikwe FUNDI NA MKEWE, UMEME WA MAGARI. Nikamwambia nitagharamia mimi, hata asibishe. Leo tulikuwa pale na mpakaji rangi, naye akatuuliza rangi gani. Ndugu yangu akanigeukia, si unajua yeye mambo ya rangi, akasema dada, mke wangu alipenda rangi gani? Tumekaa mtaa mmoja maisha yote na sikuwahi kumuuliza huyo mwanamke kitu.

Wewe ndiye uliyekuwa unamshonea. Alikuwa anachagua rangi gani? Jibu upesi, mpakaji rangi anasubiri, na mimi nina aibu kumtazama ndugu yangu.

Mama yako


4 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimefungua madaftari yangu yote ya vipimo, tangu nilipoanza kumshonea. Magauni ishirini na matatu. Kila moja ni bluu au njano. Hakuna jingine.

Nilidhani hana jicho la nguo. Mwaka wake wa mwisho nilimletea kitambaa chekundu cha maua, kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo, nikamwambia hiki nakupa. Alikishika muda mrefu, akajipima nacho kwenye kioo, nikaona kabisa amekipenda. Halafu akakikunja akanirudishia, akasema, mwanangu, nikivaa hiki nyumbani hakitaonekana. Nikafikiri ana maana hawapati wageni.

Sijui alipenda rangi gani, Mama. Hakuna anayejua. Alivaa zile mbili ambazo Mjomba anaziona.

Kipakeni njano, maandishi bluu.

Binti yako